Neno Lililomtosha Kornelia

Mama Paskalina hapendi kuulizwa habari za utoto wa binti yake Kornelia, kwa sababu akianza kusimulia ugali utaungua. Mtoto alitembea mapema, akaongea mapema, na kabla hajajua kufunga vifungo vya sweta lake alikuwa ameshaanza kuongoza nyimbo za watoto kanisani, bila kuombwa na mtu yeyote. Katekista Yoakimu alimtoa mstari wa mbele akampeleka wa nyuma. Akaimba kutoka huko huko nyuma, na mstari wa mbele wote ukageuza shingo kumsikiliza.

Huko kwao, juu ya Gitting, ambako asubuhi ukungu wa mlima Hanang unashuka hadi kwenye mazizi, watu hawana haraka ya kufurahi mbele za watu. Mtoto aliyelelewa vizuri anainamisha macho, anatoa shikamoo kwa sauti ndogo, kisha anangoja aulizwe. Si kwamba hawana furaha. Wanayo tele, ila wanaiweka ndani kama sukari ya wageni. Kornelia yeye aliimwaga. Ndama akizaliwa, alikimbia nyumba hadi nyumba kutangaza kama vile kazaliwa mfalme. Mvua ya kwanza ikinyesha, alitoka nje kucheza nayo wakati wenzake wanaingiza kuni ndani.

Basi wakampa majina. Wakamwita kiherehere. Wakamwita kimbelembele, mapepe, asiye na breki. Mwalimu wake wa darasa la nne alimwita machachari, na hilo ndilo lilikuwa la upole kuliko yote. Ukiyapanga maneno yote ambayo mtu wa namna hii hupewa, utaona karibu kila moja lina kidole kilichonyooshwa ndani yake. Mchangamfu lipo, ndiyo, lakini mchangamfu ni yule anayekukaribisha kiti na kukuuliza habari za watoto. Kornelia alikuwa zaidi ya hapo, na kwa lile zaidi watu walikuwa na karipio tu.

Isipokuwa bibi yake, Agatha. Bibi Agatha hakumkaripia hata siku moja, na sababu yake ilikuwa wazi kwa yeyote aliyewahi kufika uwanjani kwake wakati wa kupura maharage. Pale, kikongwe yule ambaye kanisani alitembea kwa kunyata alisimama katikati ya watu na fimbo yake, akaanzisha wimbo kwa sauti iliyovuka bonde, na wapuraji wakaitikia na fimbo zao zikashuka pamoja. Mvua za masika zikishapita, majirani walikuja kumsaidia hata kama hawakuitwa. Walisema wanakuja kwa ajili ya maharage. Uongo mtupu, walikuja kwa ajili yake.

Kornelia alikua, akamaliza sekondari, akaenda chuo cha ualimu, somo lake Kiingereza. Huko ndiko alikokutana na neno. Alikuwa maktaba anatafuta jambo jingine kabisa kwenye kamusi, jicho likaangukia hapo: exuberant. Akasoma maelezo. Mtu mwenye furaha na nguvu tele, zinazomtoka bila kuzuilika. Akarudia kusoma polepole, akitafuta mahali watakapoanza kumsema vibaya. Hakupaona. Kumbe kuna watu mahali fulani duniani walimwona mtu kama yeye, wakakaa chini, wakamtungia neno bila kumgombeza! Aliliandika kwenye kiganja kwa kalamu, na siku ile alikula chakula cha mchana kwa mkono wa kushoto ili lisifutike. Wenzake walimcheka. Naye akacheka zaidi yao.

Mwaka wa mwisho akapangiwa mazoezi ya kufundisha kwenye sekondari moja ya kata upande ule ule wa mlima, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka kwa bibi yake. Mkuu wa shule aliitwa Mwalimu Rogers, mtu wa Mbeya, mpole, mtaratibu, ambaye katika maisha yake ya kazi hakuogopa njaa wala uhamisho, bali kelele. Aliwahi kufundisha mahali ambapo wanafunzi waligoma, na tangu siku hiyo kila kelele kwake ilikuwa mwanzo wa mgomo. Kornelia alipofundisha kidato cha pili kwa mara ya kwanza, kidato cha tatu walikuja kuchungulia madirishani. Mchana akaitwa ofisini.

"Madam Kornelia, karibu sana shuleni kwetu," alisema Mwalimu Rogers. "Nimekusikia ukifundisha."

"Asante, Mkuu."

"Hapana, yaani nimekusikia. Nikiwa hapa hapa kitini." Akavua miwani, akaifuta. "Punguza kidogo. Hapa ni shule, siyo sherehe ya harusi. Na mkufunzi wako akija kukukagua akute vurugu, nitaonekana mimi."

Kornelia akapunguza. Haikuwa rahisi, lakini alikuwa na hofu yake mwenyewe. Anayefeli mazoezi ya kufundisha anarudia mwaka, na kurudia mwaka kwake kulikuwa na maana moja tu: kurudi nyumbani akiwa amebeba begi, apite mbele ya wote waliomwonya tangu utotoni, kila mmoja akiwa na neno lake mdomoni. Si tulikuambia? Si tulisema huyu hatulii? Aliwaza njia ile kutoka kituo cha bodaboda hadi kwao, na jinsi watu watakavyosimama makusudi kumsalimia. Ni heri aonekane amepooza kuliko kutembea njia ile.

Mkufunzi aliyekuja alikuwa Madam Severina, mama mrefu mzaliwa wa Bukoba, mwenye viatu vya kisigino vilivyosikika kabla yake, aliyejulikana chuoni kote kwa kufelisha watu bila kupandisha sauti. Aliketi nyuma ya darasa. Somo lilikuwa maneno ya kueleza tabia za watu, na Kornelia, kwa mapenzi yake yote, alikuwa amelichagua neno lake lile lile. Lakini alikuwa amejifunga kamba. Alisimama wima kando ya ubao, mikono pamoja, akaandika exuberant, akaandika maana yake, akaisoma kwa sauti iliyonyooka, wanafunzi wakanakili. Akasoma mfano. Wakanakili. Darasa lilikuwa kimya na safi, Mwalimu Rogers aliyekuwa akichungulia mlangoni akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Madam Severina akanyanyua kidole. "Naomba kuwauliza. Ni nani hapa darasani, au huko nyumbani kwenu, ambaye ni exuberant?"

Akamtazama msichana wa mbele, Eva Sulle, ambaye tangu afike shule ile sauti yake ilikuwa ikisikika wakati wa kuitwa majina tu. Eva aliangalia viatu vyake muda mrefu mno, hata viatu vyenyewe pengine vilianza kuona aibu. Hakuna aliyejibu.

Nje, karibu na mti wa mkaratusi, Madam Severina alimgeukia mwanafunzi wake wa chuo.

"Kornelia, lile neno wewe mwenyewe unalielewa?"

"Ndiyo, Madam."

"Basi mbona umelifundisha kama unasoma tangazo la msiba?"

Kornelia alitaka kusema mengi. Alitaka kusema ameambiwa apunguze, kwamba ameambiwa hivyo maisha yake yote, na kwamba siku aliyotii kwa moyo wote ndiyo hii anayogombezwa. Lakini mkubwa hajibizwi. Akatazama chini, sawasawa na Eva.

"Wiki ijayo nitarudi," alisema Madam Severina. "Nikikuta hivi tena, sitakupitisha. Utarudia mwaka." Akapanda bodaboda, akakaa upande, akaenda zake mjini Katesh.

Jumamosi Kornelia alikwenda kwa bibi yake akiwa amevimba macho. Alikuta watu wamejaa uwanjani. Maharage yaliyokauka yalikuwa yametandazwa juu ya turubai, maganda yakipasuka yenyewe kwa jua, na Bibi Agatha amesimama katikati akiwa na leso kichwani na fimbo mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Shika fimbo."

"Bibi, nina shida, nataka kuongea."

"Utaongea ukiwa unapiga. Maharage hayajui shida."

Akashika fimbo. Mwanzoni alipiga kivivu, nje ya mdundo, mpaka jirani mmoja akamwuliza kama anayabembeleza yalale. Kisha wimbo ukamwingia miguuni. Bibi alitupa mstari, watu wakaitikia, fimbo zikashuka, punje zikaruka. Kabla hajajua, Kornelia alikuwa anatupa mistari yeye, ya utani, ya kumtaja kila mmoja kwa mapigo yake, na watu wanacheka huku wakitoka jasho.

Ndipo Katekista Yoakimu alipopita njiani, ndani ya suruali yake nyeupe ya kwendea vikao, akasimama kando ya uwanja. "Saita!" aliita kwa lugha ya nyumbani. Hakuna aliyeitikia. Akasalimia tena. Fimbo zinaendelea. Bibi Agatha, bila hata kugeuka, akamrushia maneno katikati ya wimbo:

"Anayetaka salamu ashike fimbo!"

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya uwanja wa Bibi Agatha, na wote waliijua. Mgeni akija, kazi ingebidi isimame, watu wamsalimie kwa heshima, wamtafutie kiti, wamuulize habari za huko atokako, na ule moto wa wimbo ukishazimika kuuwasha tena ni shughuli. Kwa hiyo pale mgeni hakuruhusiwa kuwepo. Ukishika fimbo wewe si mgeni, ni mpuraji, na mpuraji hasimamishiwi kazi. Katekista alitazama suruali yake kwa huzuni, akashika fimbo. Haikupita muda alikuwa anaitikia kuliko wote, vumbi limempanda mpaka kwenye nyusi.

Kornelia alimwangalia katekista yule yule aliyempeleka mstari wa nyuma, sasa anaruka na fimbo kama kijana, na neno lake likamrudia. Exuberant! Halikuwa kwenye ubao. Lilikuwa pale uwanjani, lina jasho na vumbi, na hakuna mtoto wa darasa lake ambaye hakuwahi kuliona kwao. Alikuwa amewapa maelezo ya kitu ambacho wanacho nyumbani. Akaachia kicheko peke yake, watu wakadhani amechanganyikiwa.

Jumatatu alibisha hodi ofisini kwa mkuu wa shule. Shule ilikuwa na shamba, na maharage yake yalikuwa yamelundikwa nyuma ya stoo yakingoja kupurwa na wachelewaji, maana shuleni pale fimbo ya kupuria ilikuwa adhabu.

"Mkuu, naomba siku ya mkufunzi kipindi changu kifanyike kule kwenye maharage."

Mwalimu Rogers akavua miwani. "Kiingereza?"

"Kiingereza, Mkuu."

"Kwenye maharage."

"Ndiyo, Mkuu. Na kutakuwa na kelele."

Maskini Mwalimu Rogers alishika meza. Lakini hakuwa mtu mbaya, na alikuwa ameona macho ya msichana huyu siku ile chini ya mkaratusi. "Madam Kornelia," alisema hatimaye, "hili ni lako. Likiharibika, mimi nilikuwa ofisini."

Siku ikafika. Madam Severina alikuwa hajatokea bado. Kidato cha pili wakatoka na fimbo, wakijiuliza wamekosa nini. Kornelia akafunga khanga juu ya sketi, akasimama katikati ya maharage, na zile kamba alizokuwa amejifunga akazikata zote kwa mara moja. Alitupa mstari kwa Kiingereza, kwa mdundo wa bibi yake: Who is exuberant? Fimbo zikashuka. Wakatazamana. Akajijibu mwenyewe kwa kumtaja katekista Yoakimu na suruali yake nyeupe, na kila mtoto aliyemjua katekista akapasuka kwa kicheko. Mstari wa pili wakaitikia. Wa tatu ukawa wao.

Kila mmoja alitakiwa kutoa mfano wake, na wengine waupokee au waukatae. Mmoja akasema mbuzi wao anapofunguliwa asubuhi ni exuberant. Wakaupokea, fimbo zikashuka. Mwingine akasema watu wa mnadani Katesh. Wakaupokea. Wa tatu akasema mlevi anayetukana njiani.

"Ana nguvu," alisema Kornelia, "kelele pia anazo. Je, ana furaha?"

"Hana!" waliitikia, na mlevi akatupwa nje pamoja na maganda. Hivyo ndivyo walivyojifunza kwamba neno hili halimfai kila mwenye kelele. Wakajifunza pia kwamba mtu anaweza kuwa na furaha kimya kimya, na huyo wamtafutie neno jingine. Hata Eva Sulle, aliyekuwa pembeni, alikuwa anapiga kwa mdundo na midomo inacheza, ingawa sauti ilikuwa haijatoka.

Na hapo hapo, wimbo ukiwa umepamba moto, bodaboda ikaingia getini. Madam Severina akashuka.

Watoto walifanya walichofundishwa tangu wanajifunza kusimama. Fimbo zote chini. Mikono nyuma. Macho ardhini. "Shikamoo, Madam!" kwa sauti moja, ndogo, yenye adabu. Kisha kimya kikatanda, kile kile cha wiki iliyopita. Ungedhani uwanja ule haujawahi kusikia wimbo tangu shule ijengwe.

"Marahaba," alisema Madam Severina. Akatazama maharage, akatazama khanga ya Kornelia. "Nimesikia kelele kutoka barabarani. Ziko wapi?"

Mwalimu Rogers alikuwa ametoka ofisini, amesimama kwenye kona ya stoo, uso umemshuka. Kornelia akajaribu. Who is exuberant? alitupa. Mstari ukaanguka chini peke yake. Watoto hawakuwa wakaidi. Walikuwa na adabu, na adabu yenyewe ndiyo ilikuwa inammaliza. Mbele ya mgeni mkubwa namna ile, mwenye viatu vile, nani angethubutu kuruka? Madam Severina akaanza kufungua mkoba atoe kalamu.

Kornelia akaiona ile njia kutoka kituo cha bodaboda hadi kwao. Akaona watu wamesimama kando wakimngoja apite. Halafu, katikati ya woga ule, akasikia sauti ya bibi yake kana kwamba kikongwe yuko nyuma ya stoo. Akainama, akaokota fimbo nzuri, nyoofu, akamwendea mkufunzi wake, akaishika kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi.

"Madam, nisamehe. Kwetu mgeni akifika, kupura kunasimama. Lazima asimame kila mtu amheshimu. Akishika fimbo si mgeni tena, kazi inaendelea. Naomba ushike, Madam."

Kwenye kona ya stoo Mwalimu Rogers alifumba macho.

Madam Severina aliiangalia ile fimbo. Akamwangalia Kornelia. Akaviangalia viatu vyake. Hakuna aliyewahi kumwona mama yule akisitasita, na ndiyo maana watoto wakainua macho, kidogo tu, kupitia kwenye kope. Kisha akaita, "Mkuu wa shule!" Mwalimu Rogers akaja mbio. Madam Severina akamkabidhi mkoba. Akavua viatu, kimoja kimoja, akamkabidhi navyo pia. Akashika fimbo, akaingia kwenye maharage peku.

Pigo lake la kwanza lilikosa turubai kabisa. La pili lilirusha punje zikampiga shavuni. Mahali fulani nyuma mtoto akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. La tatu likatua sawasawa, pa! na Madam Severina akasema "Ahaa!" kwa sauti ambayo chuoni haijulikani.

"Who is exuberant?" aliita Kornelia, na sasa sauti yake ilivuka hadi barabarani.

Kutoka pembeni ikatoka sauti ambayo shule nzima ilikuwa haijawahi kuisikia, kubwa, safi, kama ya mtu mzima anayeita ng'ombe bondeni.

"Madam Severina is exuberant!"

Alikuwa ni Eva Sulle. Kidato cha pili kilimgeukia kwa mshangao, kisha kikalipuka. Fimbo zote juu, fimbo zote chini, na lile jibu likarudiwa mpaka kidato cha tatu na cha nne wakatoka madarasani, na safari hii hakuna aliyewarudisha. Eva aliruka. Wote waliruka. Madam Severina, vumbi kichwani, alikuwa anaitikia jina lake mwenyewe na kucheka kwa machozi. Na Mwalimu Rogers, yule wa kuogopa kelele, alisimama kando na mkoba begani na viatu vya mama wa watu kwapani, mguu ukaanza kugonga ardhi wenyewe, mkono mmoja ukatafuta fimbo. Aliyapiga maharage yale kama yalikuwa yamemkosea tangu zamani. Ilikuwa raha kumtazama.

Maharage yalipokwisha, watu wakakaa juu ya magunia wakihema. Madam Severina alirudi kwenye kazi yake, ila hakuvaa viatu.

"Nielezeni," alisema, "mtu mwenye furaha na mtu aliye exuberant wanatofautianaje?"

Mikono ikanyooka kila upande. Akamchagua Eva.

"Mwenye furaha anaweza kuificha, Madam," alisema Eva. "Huyu mwingine hawezi. Na hatakiwi."

Msichana mwingine akauliza kama maharage yenyewe yanaweza kuitwa hivyo, maana yale ya shamba la shule yalipopanda vijiti mwezi wa nne yalikuwa yanashindana na paa la stoo. Wenzake wakamcheka, lakini Madam Severina akainua mkono. Yanaweza, alisema, Waingereza hulitumia hata kwa mimea inayostawi kupita kiasi. Yule msichana akawatazama wenzake, wakaacha kucheka.

Jioni ilipokaribia, Madam Severina na Kornelia walisimama tena chini ya mkaratusi ule ule.

"Umefaulu," alisema. "Na umefaulu vizuri, sikumbuki mara ya mwisho nilipotoa alama kama hii." Akatoa ganda la maharage kwenye nywele zake. "Nikuambie kitu. Siku ile ya kwanza nilikuja kumwona yule msichana niliyemwona chuoni akila kwa mkono wa kushoto ili asifute neno kwenye kiganja. Nikakuta mtu mwingine amesimama mahali pake. Nilikasirika. Usimfiche tena."

"Sitamficha, Madam," alisema Kornelia, na akalia wazi wazi, kwa furaha, bila kutafuta mahali pa kujificha.

Habari ilifika nyumbani kabla yake, maana pikipiki za Gitting hubeba na maneno. Alipita ile njia aliyokuwa akiiogopa, kutoka kituo cha bodaboda hadi kwao, na kweli watu walisimama kumsalimia makusudi. Katekista Yoakimu alimshika mkono kwa mikono miwili. Mama Paskalina alimwona akija kwa mbali, akapiga vigelegele, na ugali ukaungua kweli.

Bibi Agatha alikuwa kwenye kigoda akipepeta. Alisikiliza hadithi yote mpaka mwisho, ungo umetulia mapajani.

"Hilo neno la Kizungu," aliuliza, "ni tusi?"

"Hapana, Bibi. Ni sifa. Ni la mtu ambaye furaha yake na nguvu zake zinamtoka, haziwezi kuzuiliwa."

Bibi akaangalia uwanja wake, mahali palipochakaa na kulainika katikati kwa nyayo zake za misimu yote ile.

"Basi mimi ndivyo nilivyokuwa," alisema. "Tangu msichana. Na walikuwa wananiita kiherehere."

"Walikuita hivyo na wewe, Bibi?"

"Mpaka nilipoolewa. Baadaye wakaja kupura, wakaacha." Akacheka, meno machache yote nje. Kisha akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akatoa fimbo yake mwenyewe, ile nyeusi iliyong'aa kwa kushikwa, ambayo hakuna mtu mwingine aliyewahi kupuria hata punje moja.

Majirani walikuwa wameanza kuingia uwanjani, kwa sababu kulibaki lundo la mwisho. Bibi Agatha akamwekea mjukuu wake ile fimbo mkononi, akaenda kusimama mstari wa nyuma, pamoja na wengine.

"Haya," alisema. "Leo anzisha wewe, na sisi huku nyuma tusikie."

Kornelia akaingia katikati, akanyanyua fimbo, akatupa mstari wa kwanza, na bonde zima likasikia.